Mlima wa Kumwonyesha Mzee Janvier

Jumapili, 8 Januari

Nimebishana tena. Safari hii mezani, mbele ya bugali, ugali wa kwao.

Nilikuwa Saint Paul kwa kina Goretti, ninayetaka kumwoa, baada ya ibada. Baba yake, Mzee Janvier, alikuwa pale pale anapokaa tangu theluji ya kwanza ianguke: kiti cha dirishani, koti mabegani, macho nje. Hatoki. Kanisani haji tena. Goretti ni muuguzi, na wagonjwa wa watu wengine hawambabaishi hata kidogo. Lakini kwa baba yake hana ujasiri huo: humpelekea sahani kama anayepita wodini na kumsemesha taratibu, neno moja moja. Mwezi wa nne Mzee anarudi kwao Walungu, Kivu Kusini, Kongo. Tiketi keshanunua. Kwamba njia ya huko ina watu wenye bunduki, kwamba dada yake mwenyewe amekimbilia Bukavu mjini — yote anayajua. "Nitaenda kufia kwenye kilima," husema, na mjadala huishia hapo.

Leo aliongeza sababu. Nchi hii, alisema, ni meza. Nani amewahi kuishi juu ya meza? Pasipo mlima mtu hajui amesimama wapi.

Nami nikasema: "Si kweli, Mzee. Mlima upo."

Loo! Mkono wake ulisimama katikati ya sahani na mdomo. Mugisho, mdogo wake Goretti, akanikanyaga chini ya meza. Lakini lilikuwa kosa la wazi la kimantiki — kuhukumu jimbo zima la Minnesota kwa kilichoonekana dirishani! Nikaeleza: kaskazini, juu ya ziwa lile kubwa, mwendo wa saa nne kwa gari. Watu huenda huko kuteleza kwa ski. Akauliza kimo chake. Nilikuwa nimekisoma mahali. Nikakitaja bila kusita. Elfu moja na mia saba.

Akarudisha tonge kwenye sahani.

"Elfu moja mia saba," akasema. "Hiyo njo kimo ya Walungu, kimo ya kwetu."

Kisha, akinitazama kwa mara ya kwanza tangu nianze kuingia nyumba ile: "Donc, basi, unionyeshe huo mlima. Nikiuona, tutaongea juu ya ile tiketi."

Mlangoni Mugisho alinivuta kando. Kwao mzee hasahihishwi bugali likiwa mezani, alisema, na mimi nimemsahihisha kama karatasi ya mtihani. "Na weye njo unataka akupokee na mahari! Akienda, utaongea na nani? Na kiti?" Goretti alinishika mkono kwa nguvu mno. Hasira au tumaini, sijui.

Jumatatu, 9 Januari

Sharti la kwanza: hakuna ski. Nyonga ya Mzee haitaki. Lakini hata kama ingetaka! Kupelekwa juu ya mlima kwa mashine ili ushuke mbio kabla hujaona kitu — hiyo ni dharau kwa mlima. Mlima ni wa kupandwa, kukaliwa na kutazamwa.

Nilimweleza Alvin hayo jioni. Binamu yangu huyu, mwenye nyumba hii ya Apple Valley ninayolala chumba chake cha chini, hana subira na falsafa. "Buda, unaenda place ya ku-ski halafu hu-ski? Hiyo ni kama kuingia base ya nyama choma uitishe kabeji." Nilimjibu kwa hoja tatu. Kwenye ya pili akavaa vipokea sauti vya masikioni.

Nimepiga simu mlimani. Akapokea msichana mmoja, Stacy, mwenye furaha ya kupita kiasi. Ndiyo, lipo gari la waya linalopanda hadi kileleni, na wasioteleza huuziwa tiketi. Ndiyo, ipo njia ya miguu, na viatu vipana vya kutembelea juu ya theluji hukodishwa. Je, wangapi kati yetu watateleza? Hakuna. Hata mmoja? Hata mmoja. Sasa mtakuja kufanya nini?

Nikasema: Kuutazama.

Naye: "Okay!" Katika nchi hii neno hilo hufunga mlango bila kutoa kishindo.

Itakuwa Jumamosi ya tarehe 21. Goretti ameomba ruhusa kazini. Chai kwenye chupa, chapati, blanketi mbili. Tutapanda kwa gari la waya, tutakaa dirishani kule juu, nami nitamweleza ziwa, miamba, umri wa miamba. Lazima nisome zaidi juu ya miamba.

Alhamisi, 12 Januari

Goretti amenipigia akinong'ona kutoka bafuni kwao. Baba ametoa buti zake chini ya kitanda! Anazipaka mafuta. Amekula sahani nzima, akauliza kama kuna pilipili. Ameuliza pia kama mlimani kuna watu wanaoishi — kama kuna ng'ombe, kama moshi huonekana jioni.

Nimesema nitachunguza.

Sijaweza kuketi. Nimezunguka chumba hiki hadi Alvin akagonga sakafu kutoka juu. Mtu aliyekuwa ukutani kama kalenda ya mwaka jana amepaka buti mafuta kwa sababu mimi nilifungua mdomo! Na wao waliniambia nimekosa adabu. Naandaa maelezo mafupi: Mlima ni nini? Nitaanzia kwenye wazo kwamba —

Hapana. Kwanza nipate takwimu sahihi.

Jumamosi, 14 Januari

Futi.

Futi! Zilikuwa futi! Elfu moja na mia saba za futi!

Nimeketi na ukurasa huu tangu asubuhi. Katika mita ni mia tano na ushei. Uso wa Ziwa Kivu — uso wa maji, si milima inayolizunguka — uko karibu mita elfu moja na mia tano. Mlima wangu ukiuweka mahali pa ziwa lao utazama, na samaki watapita juu ya kilele. Ipange miwili kama hiyo, mmoja juu ya mwingine, bado hujafika kwenye maji. Nami ni mtu wa Nyamira, Kenya, nchi ya vilima! Banda la kuku la mama yangu limeinuka karibu mara nne ya kilele hiki ninachotaka kumpeleka mzee wa watu akione.

Mpumbavu wa shahada mbili.

Najua ilivyotokea. Huku tunaishi kwa futi, kwa pauni, kwa maili. Nimezivaa kama nguo za kuazima hadi nikasahau kuzivua nilipoketi na mtu wa mita. Yeye akasikia kimo cha nyumbani kwake. Akarudisha tonge.

Amepaka buti mafuta kwa ajili ya mlima usiokuwepo.

Jumapili, 15 Januari

Nimemwambia Goretti, ndani ya gari, uwanja wa kuegesha wa kanisa, hita ikinguruma. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha: "Usimwambie."

Nikasema nina wajibu. Mzee alipotoa neno lake alikuwa na picha fulani kichwani, na picha hiyo ni uongo wangu, hata kama sikuukusudia. Nikiunyamazia, sasa nimeukusudia.

Akasema Baba analala usiku. Ameuliza kofia yake ya manyoya ilipo. Jana alicheka — alicheka, Bravin! — Mugisho alipoangusha sufuria. "Unataka nimnyang'anye hayo kwa sababu ya hesabu?"

Nikasema si hesabu, ni ukweli.

Alizima hita. Akasema, polepole, kwa sauti ile ya wodini: "Weye unapendaka kuwa sahihi kuliko unavyopenda mtu."

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu mawili mazuri sana. Sikuyatoa kwa sababu Mugisho aligonga kioo, akaingia kiti cha nyuma, akaambiwa. Alicheka hadi akakohoa. "Mlima ya futi! Ungemupimia Baba na sentimita, angefurahi zaidi! Angekwenda na oksijeni!"

Goretti hakucheka. Akishagundua kule juu, alisema, atasema hata mlima wao ni uongo. Na Aprili atapanda ndege, na hakuna atakayekuwa na neno la kumzuia.

Jumanne, 17 Januari

Siku mbaya. Kazini Eden Prairie, kwenye nyumba ya wazee, nimemkosoa bwana mmoja wa miaka tisini juu ya chanzo cha Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliniomba maji tu.

Jioni nikaenda Saint Paul. Nia yangu ilikuwa moja: kusema. Nilirudia sentensi njia nzima. *Mzee, nilikosea kipimo.* Maneno matatu. Mtoto angeweza.

Nilimkuta ameketi si dirishani bali mezani. Buti ziko juu ya gazeti, zinang'aa. Mbele yake karatasi, amechora njia ya kaskazini kwa penseli, na ziwa, na ufuo. Akaanza kuniuliza. Barabara inaufikia mlima kutoka upande gani — wa jua likitoka ama likizama? Upepo wa msimu huu unatokaka ziwani ama barani? Mvua yao inanyeshea upande gani? Maswali yamekaa kama ya mtihani. Najua alikuwa mwalimu huko Walungu. Somo gani, sijawahi kuuliza. Siku zote mimi ndiye ninayeeleza.

Nikafungua mdomo. Yeye akainua buti moja, akaigeuza, akanionyesha soli. "Hizi zilipanda na mimi hadi kambini Burundi," akasema. "Bado ziko nzima."

Nikasema: Theluji itakuwa nyingi wikendi hii, Mzee.

Theluji itakuwa nyingi! Sentensi imenifia mdomoni, mimi, Bravin Ondieki, niliyewahi kumkatiza profesa mbele ya darasa!

Ijumaa, 20 Januari

Upepo mkali umetabiriwa kaskazini. Nimepiga tena. Stacy anasema kila kitu kitakuwa "poa kabisa" — kwa Kiingereza chao.

Nimepika chapati. Tatu zimeungua, mbili ni ngumu. Nitamwambia Goretti ndivyo zinavyopikwa kwetu.

Mugisho amepata zamu ya kupumzika kutoka ghala la Shakopee. Anakuja, na anasema atateleza. Nimemkumbusha kwamba siku hii imepangwa kuwa siku isiyo na ski. Akaniuliza nani amenifanya waziri wa milima.

Alvin ananiazima gari lenye matairi mazuri. "Usi-drive vile unabishana," ameniambia. "Tutakuzika Duluth."

Nitamwambia njiani. Kabla ya kufika. Lazima.

Jumamosi, 21 Januari

Duluth, kituo cha mafuta. Bado sijamwambia.

Mzee yuko kiti cha mbele na kofia ya manyoya. Tangu tuondoke, giza likiwa bado, hajasinzia. Tuliposhuka kile kilima kirefu cha kuingia mjini na ziwa likafunguka mbele, la kijivu hadi mwisho wa macho, barafu kando kando, alivua kofia. Akaivaa tena. "Hii iko kubwa kupita Kivu," akasema, kama mtu anayelipa faini. Halafu: "Lakini iko chini sana."

Chini sana! Amejuaje? Nilitazama kioo, Goretti alikuwa akinitazama. Mugisho anauma mdomo asicheke.

Sasa Mzee yumo ndani ananunua ndizi. Anazikagua moja moja, anazirudisha.

Bado Jumamosi. Chini ya mlima.

Gari la waya limesimamishwa. Upepo! Vibanda vyake vinaning'inia pale juu, vinapepesuka, vitupu. Huenda mchana likafunguliwa, huenda lisifunguliwe. Stacy mwenyewe yuko hapa, msichana mrefu mwenye nywele nyekundu, na aliposikia jina langu akapiga makofi: "Ah! Ninyi ndio wa kutazama!" Akaitangazia ofisi nzima.

Mpango wangu wote ulikuwa kwenye ule waya.

Mugisho ametumia msukosuko huo kwenda kukodi ski. Mzee alimwambia, "Enda, enda." Nimemwona dirishani kwenye mteremko wa watoto, ameanguka mara nyingi kuliko watoto.

Mzee alitazama watelezaji kitambo. Wanabebwa juu na viti ili washuke? Wakishashuka? Wanapanda tena washuke tena? Akatikisa kichwa. Nikasema, kwa moyo wote, kwamba hiyo ndiyo hoja yangu hasa! Akasema, "Basi leo tumepatana mara moja."

Ilikuwa nafasi yangu. Nikavuta pumzi.

Naye akasimama. Akafunga kofia kidevuni, akaweka mikono nyuma ya mgongo, akatoka nje, akashika njia ya miguu. Yuko kule. Goretti anamkimbilia na glavu. Viatu vipana vya kukodi vimebaki hapa, hakuna aliyevivaa —

Nakwenda.

Bado Jumamosi. Kibanda cha kupashia moto, katikati ya njia.

Niandike upesi, vidole vikiwa bado vinanitii. Kibanda ni cha magogo, kina jiko la kuni na benchi mbili. Mzee yuko benchi ya pili. Ananisubiri.

Hapandi haraka. Hapandi kama mwenye nyonga mbovu pia. Anapanda kama anayejua atakachokuta: hatua fupi, mwili umeinama kidogo, hasimami. Mimi nilimfikia nikiwa sina pumzi, theluji imeingia ndani ya viatu, miwani imeganda. Goretti alikuwa nyuma yetu na chupa ya chai.

Nikasema kwa mgongo wake: "Mzee. Nilikosea kipimo."

Hakusimama.

"Zilikuwa futi, Mzee. Si mita. Mlima huu ni mita mia tano tu na kidogo. Si kimo cha Walungu. Si hata —"

"Najua."

"Unajua?"

"Nilifundisha jiografia mpaka nikaacha nchi," akasema, bado anapanda. "Hii Amerika inapimaka yote na futi. Mlima ya mita elfu moja mia saba ikuwe Minnesota, na mimi siijui?"

Upepo ulivuma kwenye misonobari. Nyuma yangu hatua za Goretti zikakatika.

Nikamuuliza alijua tangu lini. Tangu mezani. Tangu mezani! Na tonge je? Tonge alilirudisha, alisema, kwa sababu alitaka kucheka, na mtu mwenye chakula mdomoni asichekee wageni.

Sasa kwa nini alikuja?

Hapo ndipo aliposimama. Alipiga buti kwenye gogo, theluji ikamwagika.

"Tangu Novemba hakuna mutu ameniambia si kweli. Goretti ananisemesha kama mutoto ya homa. Mugisho, 'ndiyo Baba, ndiyo Baba', macho iko kwa simu. Pasteur wa kanisa anasema pole. Nikisema ninaenda kufa kwenye kilima, bote bananiangalia na huruma. Weye ukasema: si kweli." Alinielekezea kidole chenye glavu ya Goretti, ndogo mno kwake. "Nilikasirika siku mbili. Zilikuwa siku mbili nzuri."

Sikumtazama Goretti. Nilisikia chupa ya chai ikigongana na zipu ya koti lake, mara kadhaa, kisha ikatulia.

Na sasa, humu ndani, amenitahini. Mlima ni nini? Nijibu bila futi.

Nilijibu. Nilisema mlima si kimo kutoka baharini bali ni kile unachokiacha chini yako. Na hapa tumeacha ziwa kubwa kuliko lake. Nilidhani ni jibu zuri.

"Chini ya hii theluji kuna nini?"

Udongo, nikasema.

"Umeuona?"

Sijauona.

"Iko nyekundu ao nyeusi? Inashika maji? Inaweza kubeba kiazi?"

Sijui, Mzee.

"Donc haujui." Alikunywa chai. Alitafuna chapati yangu, akaitazama, akaendelea kutafuna kwa ujasiri. "Mlima haihukumiwe ikiwa imefunikwa. Weye hauwezi kusema ni mlima. Na mimi —" Akapangusa makombo gotini, moja moja. "Na mimi siwezi kusema si mlima. Hii theluji inaondokaka lini?"

Nikasema: Huku kaskazini, Mei, Mzee.

Tiketi ni ya Aprili. Sisi watatu tunajua ni ya Aprili. Hakuna aliyeitaja. Goretti ameshika kikombe kwa mikono miwili na anakitazama kama kina maandishi. Nina sentensi kumi tayari. Nazihisi kwenye meno. Moja yao ingemaliza mjadala, na ningekuwa sahihi. Naandika ili mkono uwe na kazi na mdomo usiwe na yoyote.

Mugisho amefungua mlango sasa hivi, mweupe kuanzia nywele hadi magoti, mdomo wazi, mzaha u tayari. Goretti ameinua kidole. Mugisho amefunga mdomo. Amefunga na mlango.

Mzee amevua glavu. Ametoa simu yake mfukoni, amevaa miwani, anasogeza kidole polepole. Kutoka hapa sioni kama ni kalenda au ni namba ya dada yake kule Bukavu. Anasogeza. Anarudi nyuma. Anasogeza tena.

Ameinua kichwa. Ananitazama mimi.

"Mei," anasema. "Tarehe ngapi?"